Shabu ya Kinyozi na Tangi la Samaki

Nilipoona maji ya kwenye kichupa yanageuka buluu, nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeungua. Sikuungua. Nilikuwa nimesimama ndani ya mgahawa mmoja wa Kamembe, asubuhi kabla ya wateja, na mbele yangu lilikuwa tangi la vioo lililojaa maji ya kijani, mazito kama mchuzi wa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Watu walikuwa wameshaniambia kwamba maji yale yamerogwa, au yamechoka, au samaki wetu wana uchafu kuliko samaki wa watu wengine. Sasa nilikuwa na jibu, tena jibu lenye rangi.

"Fosfati!" nikamwambia mpishi. "Maji yamejaa fosfati!"

Akaniuliza kama inaliwa.

Tangi lile alilijenga baba yangu. Alikuwa fundi wa vioo tangu ujana wake huko Bukavu, mji tulikozaliwa sote wawili, yeye na mimi binti yake. Vita vya kwanza vya Kongo vilipotufukuza tukavuka mto na kurudi Rwanda, nchi ya babu zetu tuliyoijua kwa masimulizi tu, hakubeba kitu ila kikatio chake cha almasi, kimefungwa kwenye leso ndani ya mfuko wa shati. Kazi hakuikosa. Mji mzima ulikuwa na madirisha yaliyopasuka, na vita vya pili vilipowaka ng'ambo, mishindo ya huko ilitikisa vioo vya huku. Baba alikata na kuziba, alikata na kuziba, na kila jioni alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyenyimwa kitu.

"Miye niko tu nafunga bidonda ya vita," aliniambia. "Tangu tulifika huku, sijatengeneza hata kintu kimoja kipya."

Basi mwenye mgahawa alipomwita, ilikuwa kama ameitiwa harusi. Alikuwa mama wa Kiislamu, wa zile familia za Kamembe ambazo zimekuwa zikizungumza Kiswahili na kufanya biashara pale tangu enzi za babu. Alitaka ukuta mfupi kati ya ukumbi na ujia wa jikoni. Baba akamtazama, akautazama ujia, akamwambia: "Maman, nitakuwekea ukuta ya maji." Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, jaribu.

Baba akajaribu. Alikata vioo vinene, akavigandisha kwa gundi iliyotoka Bujumbura pamoja na kipampu kidogo cha hewa, akaacha tangi siku kadhaa likiwa na maji matupu huku akiligusagusa kwenye pembe kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halikuvuja hata tone. Wavuvi wa Kivu wakatuletea samaki. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, hawakufaa, hao hawakubali kufungwa, hufa ndooni hata hujafika barabarani. Tukachukua wale wadogo wa kwenye mawe ya ukingoni, madume ya buluu yenye madoa ya manjano mkiani, wakorofi, wenye kugombana kutwa nzima. Siku ya kwanza Kamembe nzima ilikuja kutazama. Baba alivaa koti.

Kisha maji yakaanza kugeuka kijani. Tukabadilisha, yakageuka tena. Mwishowe samaki hawakuonekana kabisa, ila mkia ukipita karibu na kioo. Mwenye mgahawa alivumilia, lakini uvumilivu wa mfanyabiashara una ukingo wake.

"Mzee," alimwambia baba mbele yangu, "Idi kubwa inakaribia, niko na bageni bengi. Siku ile nitasimama pale kwa mulango. Nikimuona mupishi wangu kupitia maji, tangi inabaki. Kama simuone, ninaitoa, naweka frigo ya Fanta."

Baba alichukua gazeti kuukuu, akalilowesha, akaanza kusugua kioo kwa nje, kana kwamba ukijani ulikuwa nje. Hapo ndipo niliposhika moto. Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia huko Mibirizi, wanafunzi wangu walikuwa wananiita radi, na sikuwa tayari kuona kazi ya kwanza ya baba yangu katika nchi hii ikitupwa uani kwa sababu ya vijimea visivyoonekana kwa macho.

Fosfati ni kitu kizuri mahali pake. Kule Gashonga mkulima akiipata shambani, migomba inanenepa naye anamshukuru Mungu. Ndani ya tangi ndiyo hiyohiyo inayounenepesha mwani, vile vijimea, na mwani ndio uliokuwa ukitupaka rangi ya sombe. Katika kabati la maabara yetu kulikuwa na chupa ya zamani ya molibdati, unga mweupe ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Niliomba ruhusa, nikapewa. Ukiuchanganya na asidi kidogo na kidonge cha vitamini C kilichosagwa, ukatia maji yenye fosfati, unapata buluu. Buluu ikikolea, fosfati ni nyingi. Ile ya kwetu ilikuwa imekolea kama wino, ndiyo maana nilipiga kelele. Adui asiyejulikana ananinyima usingizi, lakini adui niliyemwona rangi yake, huyo namfuata mpaka kwake.

Dawa niliijua tangu zamani za makambi ya wakimbizi. Niliwahi kuona mafundi wa maji wakitia sulfati ya alumini kwenye maji ya ziwa, uchafu wote ukajikusanya vipande vyeupe na kuzama. Alumini hiyo hukamata fosfati pia na kuzama nayo. Na alumini ninaipata wapi Kamembe? Kwa kinyozi! Ndugu wa mwenye mgahawa alikuwa na chumba chake cha kunyolea mlango wa pili, na kila aliyenyolewa ndevu alipakwa jiwe la shabu kidevuni ili asitoke damu. Shabu ni chumvi yenye alumini ndani yake. Nikaingia mle mbio, nikamwomba jiwe moja. Akanitazama kidevu.

"Prof, wewe unanyoa nini?"

"Nanyoa samaki," nikamjibu, nikaondoka nalo.

Haraka haraka haina baraka, hilo nililisikia tangu sijajua kusoma, na bado nililiponda jiwe lile lote, nikaliyeyusha kwenye ndoo, nikalimwaga ndani ya tangi kwa mkupuo mmoja. Loo! Maji yakawa meupe kama uji. Halafu samaki wakapanda juu wote kwa pamoja, midomo wazi, wanahema. Nilichovya karatasi ya litmasi, ikageuka nyekundu. Shabu ikiingia kwa wingi inayafanya maji kuwa makali kama ndimu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu jambo hilo. Nikakimbilia jikoni, nikamnyang'anya mpishi kopo la bikarbonati ya mandazi, nikaanza kuitia majini kwa kijiko huku nikichovya karatasi, kijiko, karatasi, kijiko, karatasi. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kichwa. Taratibu wekundu ukaisha. Samaki mmoja akashuka, wa pili akamfuata, kisha wakaanza kugombana. Sijawahi kufurahia ugomvi wa mtu kama nilivyofurahia ule.

Tangu siku ile nilitia dawa kwa adabu. Nilinunua mpira mpya wa serum, ule wa hospitali wenye gurudumu la kupunguzia, nikautundika juu ya tangi na chupa ya maji ya shabu, ukawa unadondosha tone baada ya tone, kama mgonjwa aliyelazwa. Bikarbonati niliiyeyusha mapema ikatangulia. Vipande vyeupe vilianguka chini polepole, baba akavifyonza kwa mpira mwingine, na sifongo la kipampu cha hewa likakamata vilivyobaki. Ilikuwa raha! Nilishuka na pikipiki kutoka Mibirizi kila baada ya vipindi, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaingia nikichota maji kabla sijasalimia. Buluu ikapungua, ikapungua tena. Asubuhi moja kichupa kilibaki karibu kama maji ya kunywa, na ndani ya tangi tuliyaona mawe yote, moja moja, na samaki juu yake. Baba alipiga makofi peke yake. Nilimwambia mpishi aje asimame ujiani, akasimama, nami nikamwona mpaka vifungo vya shati lake.

Wiki haikuisha. Buluu ikarudi kama ilivyokuwa, na kijani nyuma yake.

Nilikasirika hasira ya kweli. Nilipima maji ya bomba: safi. Nilipima maji ya ziwa: hafifu mno. Nilitoa mawe yote nikayasugua upya, nikiyashuku kwamba yaliwahi kuoshwa kwa Omo, sabuni yenye fosfati. Nilimuuliza mwenye mgahawa samaki wanalishwa nini. Akaniapia kwa Mungu wake kwamba ni ncha ya kijiko ya sambaza waliosagwa, mara moja asubuhi, basi. Nilimuuliza mpishi, akasema vilevile. Nilimuuliza baba, akaniambia, "Mama yangu, mimi sibalishe hata kidogo." Nikaongeza shabu. Yakang'aa, yakachafuka. Nikaongeza tena. Kinyozi akaanza kulalamika kwamba videvu vya Kamembe vinatoka damu kwa ajili yangu, na Idi ilikuwa imeshakaribia kiasi kwamba ng'ombe alikuwa ameshanunuliwa na kufungwa uani.

Siku moja mkuu wetu wa shule aliitwa mkutanoni, tukaachiwa mapema, nami nikafika Kamembe saa za chakula cha mchana. Sikuwahi kufika saa hizo. Nilikuwa mtu wa kabla ya wateja au baada yao. Nilipitia mlango wa jikoni, nikasimama ujiani nyuma ya tangi, nikainama kuangalia sifongo. Ng'ambo ya maji waliketi wateja, niliwaona kama vivuli. Samaki wote walikuwa wamejipanga kwenye kioo cha upande wao, wametumbua macho, wanafungua na kufunga midomo.

Halafu mkono ukatokea juu ya tangi. Ukadondosha kitu, ukaondoka. Ilikuwa tonge la fufu. Kabla sijapumua ukaja mkono mwingine, wenye bangili, ukaacha kipande cha mkate. Mwingine ukaleta maharage. Nilibaki mdomo wazi kama samaki wenyewe. Kisha ukaja mkono ulioleta nusu ya kipande cha nyama, kikubwa, kimekatwakatwa vizuri, na mkono ule ulikuwa na makovu membamba meupe kwenye kidole gumba, makovu ya kioo. Ukaondoka, ukarudi na tonge. Ukaondoka, ukarudi tena.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Papa!" Nilitokeza ukumbini kwa sauti ya darasani, na watu wote wakaacha kutafuna. "Ni weye unaua maji yako mwenyewe!"

Baba aliushusha mkono wake taratibu. "Naua je? Nimebamegea kidogo tu."

"Uliniambia haubalishe!"

"Sibalishe. Nakula nabo."

Mteja mmoja wa meza ya karibu akamtetea. "Prof, na weye ukae hapa ujaribu. Muntu anakula namna gani na bale banamuangalia? Ona midomo!"

"Hata miye," akasema mwenye mgahawa, akitazama pembeni, "asubuhi, nikikunywa chai, kandazi kadogo."

Hakuna aliyenidanganya. Ndivyo ilivyo kwetu: mtu hapeleki chakula mdomoni huku mwingine anamtazama. Unamwambia karibu, na asipokuja unamtengea. Samaki wangu walikuwa wamejifunza kusimama mbele ya kila sahani kama wageni waliofika saa ya chakula, na mji mzima wa watu wenye malezi mema ulikuwa ukiwatendea kama wageni. Kwao kulisha kulikuwa ni ile ncha ya kijiko ya asubuhi. Haya mengine yalikuwa adabu tu, na nani anayetaja adabu zake akiulizwa? Mimi nilikuwa nikipigana na ukarimu wa Kamembe kwa jiwe la kinyozi. Nilicheka, nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka mteja yule akanisogezea kiti.

Nilipoketi ndipo nilipoiona sahani ya baba. Wengine walikuwa wametoa tonge moja, kwa heshima. Baba alikuwa amebakiwa na mchuzi. Kama sehemu ya malipo ya kazi yake alikula pale kila mchana, na nyumbani jioni alikuwa akisema ameshiba, nami nilimwamini kwa sababu nilikuwa na mambo yangu ya vichupa. Sasa nikaitazama shingo yake ndani ya kola. Ilikuwa nyembamba, kola imezunguka peke yake.

Tulipanda pamoja kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikaanza na mawili tu, akanikata.

"Unakumbuka siku ya daraja?"

Nilikumbuka. Tulikuwa tunangoja kuvuka, watu wamejaa barabara nzima, na mama yangu, ambaye Mungu alimchukua mwaka uliofuata, alikuwa na sufuria moja ya maharage yaliyopikwa. Karibu yetu aliketi mama mmoja na watoto wake, hawana kitu. Maharage yalikuwa machache. Baba alitugeuza sote, migongo kwa wale watu, nyuso kwenye ukuta wa kando ya barabara, akasema tule haraka.

"Nilisikia macho yabo hapa," akasema, akajigusa mgongoni. "Mpaka leo. Ile samaki, nikikaa pale, inaangalia vilevile. Chakula inakatala kushuka. Nikimega, inashuka kidogo."

Hasira yangu yote iliisha pale njiani. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kwa namna inayouma. Lakini mimi ni mimi. Hatukufika hata mlangoni kabla sijaanza kufikiri. Kumkataza baba nisingeweza, na kuwakataza watu wa Kamembe wasiwe na adabu hakuna shabu ya kutosha duniani. Waliokuwa hawana adabu katika habari hii yote walikuwa samaki. Ndio wa kuzuiwa.

"Pazia!" nikasema. Baba alishtuka. "Papa, tunaweka pazia!"

Alikasirika yeye sasa. Maisha yake yote alikuwa akikata vioo ili watu waone, na binti yake wa kumzaa anataka kukifunika kimoja alichokipenda. Mwenye mgahawa naye akasema tangi lililofunikwa lina faida gani. Nikamwambia, wageni wakiingia liko wazi, sahani zikija linafungwa, sahani zikiondoka linafunguliwa wakinywa chai. Chakula kwanza, onyesho baadaye. Neno onyesho lilimkaa vizuri. Alileta kitenge chake mwenyewe, akakishona kwa mkono wake. Siku ya kwanza wateja walilizomea pazia, siku ya pili wakaanza kuulizana nani atalifungua.

Nikatia shabu kwa mara ya mwisho, tone kwa tone. Nikapima, nikapima tena. Buluu ilishuka ikakaa hukohuko chini. Niliamka siku ya Idi nikiwa na kichupa mkononi kabla ya kunawa uso.

Wageni walifika baada ya sala wakiwa wamevaa vizuri, harufu ya pilau mpaka barabarani. Mwenye mgahawa hakumsahau baba. Alisimama mlangoni kama alivyoahidi, kanga mpya begani, akatazama ndani ya tangi. Baba alikuwa amesimama karibu na ukuta, amevaa koti, ameweka mkono kwenye mfuko wa shati.

"Weye!" yule mama akapaza sauti ghafla, akinyoosha kidole kupitia maji. "Nakuona! Uko naonja nyama ya bageni!"

Mpishi, ng'ambo ya tangi, akaficha mkono nyuma. Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami niliruka, nikamkumbatia baba, nikamkumbatia na kinyozi kwa bahati mbaya. Frigo ya Fanta, iliyokuwa imeshaletwa, ilikwenda kukaa uani. Mgeni mmoja kutoka Nyakabuye alimvuta baba pembeni akitaka kujua kama anaweza kujengewa lake, dogo, sebuleni.

Kisha sahani zikaja, pazia likafungwa. Baba aliketi mahali pake palepale. Alisali, akatia mkono kwenye pilau, akasimama. Akalifuata pazia, akainua pembe moja kidogo, akachungulia. Nami nikaenda nikachungulia juu ya bega lake. Hakuna samaki aliyekuwa kwenye kioo. Wawili walikuwa wanafukuzana, mmoja anachimba mchanga, wengine wako kwenye mawe yao, kila mtu na shughuli zake.

"Habatungoje," akasema.

"Habatungoje, Papa."

Akalishusha pazia, akalinyoosha, akarudi mezani. Alikula pilau yote, akala nyama yote, akapangusa sahani kwa kidole. Halafu akaiinua juu ili yule mama aione kutoka mlangoni, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Bukavu akasema, "Maman, muniongeze."